Mkesha wa Tanga na Hafla ya Dar es Salaam



Kijana mmoja mpiga fidla, ambaye kikundi chake cha taarab kina watu kumi na mmoja ukimhesabu na dereva, amenijia kutaka shauri juu ya kazi mbili zilizomfika juma moja. Ya kwanza ni arusi mjini Tanga, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, kuanzia saa tatu ya usiku mpaka, kwa maneno ya mwenye arusi mwenyewe, “watu watakapotosheka.” Ya pili ni hafla ya kampuni moja huko Dar es Salaam, Jumamosi hiyohiyo, saa kumi ya alasiri mpaka saa nne ya usiku, nao wenye hafla wanataka vyombo viwe vimekwisha kupangwa saa nane. Baina ya kazi hizo mbili zipo kilomita zipatazo 350 za barabara, kwa njia ya Muheza, Segera na Chalinze. Ujira wa zote mbili ukijumlishwa unashinda mapato ya kikundi ya miezi miwili, na pande zote mbili ziko tayari kutoa arubuni mara moja. “Ami,” akaniambia, “nikubali au nikatae?”

Jawabu jepesi lipo, naye alikuwa amekwisha kulisikia kwa kila aliyemwuliza kabla ya kuja kwangu: riziki haikataliwi. Siwalaumu wasemao hivyo. Mpiga muziki wa kwetu, aghalabu, hana mshahara, hana pensheni, hana bima ya vidole vyake, na mwezi mmoja wa shangwe huweza kufuatwa na miwili ya kimya. Ukiingia mwezi mtukufu wa Ramadhani arusi husimama na ngoma hunyamaza, ilhali kodi ya nyumba haifungi. Zaidi ya hayo, mwenye hafla aliyekataliwa mara moja hakumbuki sababu aliyopewa, bali hukumbuka kwamba alikataliwa, na safari nyingine hupiga simu kwa kikundi kingine, na vikundi vingine havikosi. Kwa hiyo hofu ya kijana huyu si ya mtu mwenye tamaa. Ni hofu ya mtu mwenye hesabu, na mtu wa namna hiyo hujibiwa kwa hesabu, hajibiwi kwa methali.

Wazee wetu wa dansi hawakufikwa na suala hili kwa sura hii. Ilipoundwa NUTA Jazz katika miaka ya 1960, chini ya chama cha wafanyakazi, wapigaji wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na bendi nyingi zilizofuata zilikuwa mali ya mashirika, majeshi na jumuiya; vyombo vilikuwa vya mwajiri, gari la mwajiri, na ratiba pia ya mwajiri. Mpigaji aliambiwa leo ukumbi fulani, kesho mkoa fulani, naye akaenda. Walitaabika, tena sana, lakini taabu ya kuamua haikuwa yao. Uhuru wa kukataa alio nao kijana wangu leo ni kitu kipya, nao unauzwa ghali, kwa sababu akikubali vibaya hana bwana mkubwa wa kumlaumu.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, maana wanaoihukumu bila ya kuijua ni wengi. Arusi ya saa tatu haianzi saa tatu. Wapigaji hufika alasiri, hushusha vyombo, huzozana na fundi mitambo juu ya nyaya, hungoja umeme au jenereta, husawazisha nyuzi ambazo joto na unyevu wa pwani huzilegeza tena baada ya nusu saa, kisha hukaa na kungoja, kwa kuwa mwenye arusi hawezi kuanzisha muziki kabla hawajafika wageni wake watukufu, na wageni watukufu, kwa desturi yao, huudhihirisha utukufu wao kwa kuchelewa. Saa nne na nusu, pengine saa tano, ndipo fidla inapopata kusikika. Na hapo ndipo hesabu ya muda inapopotea kabisa, kwa sababu ya kutunza.

Wasikilizaji wa bara ambao hawajaliona jambo hili nawaomba walitie akilini. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti uliomchoma mtu, au ubeti ambao mtu anatamani umchome jirani yake, mama mmoja huinuka kitini, akaja polepole mbele ya wenzake wote huku anacheza, noti mkononi, akamtunza. Nyuma yake huinuka wa pili asiyekubali kushindwa, na nyuma ya huyo shoga zake, na somo wa bibi arusi. Na maadamu yupo mtu mmoja ambaye bado yumo njiani kuja kutunza, wimbo hauwezi kwisha. Mwimbaji hurudi kwenye ubeti uleule, wapigaji hurudi kwenye kipande kilekile, na wimbo wa dakika kumi huwa wa dakika ishirini na tano. Ni desturi nzuri, ndiyo inayoitofautisha taarab ya arusini na taarab ya sahani ya santuri, na fedha hizo nazo ni sehemu ya riziki. Lakini mwenye macho ataona kwamba ukumbini humo kila mtu ana uwezo wa kuurefusha usiku, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuufupisha. Mwimbaji, angalau, hupata kuvuta pumzi baina ya beti. Mpiga fidla wa kwanza hapati: akinyamaza mwimbaji, yeye ndiye anayeimba.

Na tusisahau kwamba arusi hii ni ya Tanga, mji uliozaa Black Star na Lucky Star, ambao akina mama wake wanaijua taarab kwa undani na hawatulizwi kwa nyimbo mbili tatu za kubabaisha. Kikundi kigeni kikienda huko huenda kupimwa. Kijana wangu anajua hilo, na naamini ndiyo sababu macho yake yaling’aa zaidi alipoitaja arusi kuliko alipoitaja hafla, ingawa hafla ndiyo yenye fedha nyingi.

Mwili nao una masharti yake, ambayo mwenye arusi hakuyaandika. Shingo iliyoinamia fidla tangu saa tano mpaka alfajiri huuma siku mbili. Kifundo cha mkono wa upinde huvimba. Koo la mwimbaji, baada ya saa nne za kushindana na spika, hutoa sauti ya mtu mwingine. Na masikio je? Wataalamu wa afya ya wafanyakazi huko Marekani wameweka kipimo kwamba sauti ya desibeli 85 yafaa isizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, hata zikifika 100 inabaki robo saa tu. Mtu aliyeketi jirani na spika za siku hizi, ambazo fundi huzidi kuzipandisha kadiri usiku unavyokwenda kwa kuwa masikio yake mwenyewe yamekwisha kufa ganzi, huimaliza robo saa yake kabla ya wimbo wa pili. Nawajua wapigaji waliozeeka na vidole vyema na masikio mabovu, ambao leo hucheka wanapoona wenzao wanacheka, kwa sababu hawakusikia kilichosemwa.

Mtu ataniuliza: je, wakubwa wa fani hii hawakukesha? Walikesha. Umm Kulthum, ambaye sauti yake ilikaa katika nyumba za Unguja na Mombasa kama mtu wa nyumbani, kwa miaka mingi aliimba Cairo Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ikimrusha hewani, na nyimbo mbili au tatu zikaweza kuujaza usiku mpaka ukapita nusu yake. Mwezi wa Novemba mwaka 1967, baada ya Misri kushindwa katika vita vya Juni, bibi huyo aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 60 alikubali kwenda Paris kuimba usiku wa namna hiyo mara mbili katika ukumbi wa Olympia, na mapato akaitolea nchi yake. Hayo ni mambo adhimu. Lakini tazameni vema jinsi alivyoyapanga: Alhamisi moja kwa mwezi, mapumziko baina ya wimbo na wimbo, na msimu wenye mwanzo na mwisho. Aliurudia mstari kwa sababu watu waliusihi, naye akaona vema kuurudia. Na alipoona imetosha, ilitosha. Hapakuwa na mjomba wa bwana arusi nyuma ya pazia anayeinua kidole kimoja kuashiria bado moja.

Kijana alinihadithia pia kisa cha Keith Jarrett, ambacho wapiga muziki wa dunia nzima hupenda kupeana wanapotaka kutiana moyo. Tarehe 24 Januari 1975, mpiga piano huyo Mmarekani aliwasili katika jumba la opera la mji wa Köln, Ujerumani, mgongo unamuuma na usingizi umemkosa, akakuta ameletewa piano siyo: ndogo, mbovu, haikusawazishwa. Akakataa. Mwandalizi wa onyesho, Vera Brandes, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka 18, akamsihi, mafundi wakaihangaikia piano ile, na saa tano na nusu ya usiku Jarrett akaketi mbele ya watu wapatao 1,400, akaibuni papo hapo kazi ambayo sahani yake imeuzwa kwa mamilioni. “Unaona, ami?” kijana akaniuliza. Naona, bila shaka. Naona kwamba muziki wote uliomo katika sahani ile ni wa saa moja na dakika chache, na kwamba hapakuwa na mtu wa kutunza. Naona pia kwamba visa vya namna hii husimuliwa kwa kuwa vilikwisha vizuri. Maelfu waliokubali usiku kama ule wakaambulia aibu na homa hawana sahani ya kuuza, wala hakuna anayewatafuta awaulize habari zao.

Jambo ambalo kijana hakulitaja hata kidogo, nami nililisubiri kwa makusudi alitaje, ni barabara. Wapenzi wa muziki wa nchi hii hawana udhuru wa kuisahau barabara. Salum Abdallah, mwanzilishi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, naye mtu wa Morogoro, aliyeitia nchi nzima wazimu kwa gitaa lake katika Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki katika ajali ya gari mjini Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1979. Sisemi kwamba uchovu wa muziki ndio uliowaua. Nasema kwamba kwa mtu wa kazi hii barabara ni sehemu ya kazi, hata kama hakuna anayemlipa kwa ajili yake, na kwamba anayepima kazi kwa saa za jukwaani peke yake amepima nusu.

Basi nikamwomba tuhesabu pamoja. Dereva wake huamka saa kumi na mbili ya asubuhi ya Ijumaa, kwa kuwa ndiye anayepakia vyombo. Watafiti wa usingizi wamepima na kuona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake, kiasi ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kuendesha gari akiwa nacho. Saa 17 tangu saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa tano ya usiku. Yaani wakati ule fidla inapoanza kusikika ukumbini, dereva yule, mcha Mungu ambaye hajaonja tone la ulevi maishani mwake, amekwisha kuwa mlevi, na bado ana mkesha mzima mbele yake, kisha malori ya Segera na Chalinze, huku jua la asubuhi linampiga ubavuni na watu kumi nyuma yake wamelala fofofo. Kikundi kilipokaa kushauriana juu ya kazi hizi mbili, kila mpigaji aliulizwa kama ataweza. Dereva hakuulizwa. Alikuwa nje anatazama magurudumu.

Wapo watakaosema kwamba nawatia vijana woga, na kwamba msanii wa kweli hufia jukwaani. Miriam Makeba alianguka baada ya kuimba huko Castel Volturno, Italia, mwezi wa Novemba mwaka 2008, akafariki, akiwa na umri wa miaka 76. Papa Wemba alianguka jukwaani mjini Abidjan, kabla ya mapambazuko ya tarehe 24 Aprili 2016, akiwa na miaka 66. Zilisikika rambirambi nyingi zilizowasifu kwa kufia kazini, nami sifa hiyo siipendi. Makeba alisifika kwa aliyoyaimba na kwa uhamisho alioustahimili kwa ajili ya watu wake. Wemba kwa sauti yake nyembamba isiyo na mfano. Namna walivyoondoka ilikuwa msiba, na msiba ukigeuzwa kuwa nishani, mpigaji wa miaka ishirini na mitano huanza kuiona homa yake kuwa ni ajizi.

Nigusie kidogo, kwa kuwa najua wengi mnaningoja hapo, habari ya arusi ya ndugu. Hiyo haina ujira, haina saa ya kumaliza, wala haina kukataa. Mtoto wa shangazi akioa, utapiga mpaka kuche na utakula pilau baridi jikoni. Sina tadbiri juu ya hilo. Langu ni kuwaomba akina shangazi waihesabu kuwa ni zawadi, wasiseme kwamba kijana hakuleta kitu.

Wala mtu asidhani kwamba nachukia kazi ngumu. Siti binti Saad, mwaka 1928, alikubali kupanda chombo pamoja na wapigaji wake kuvuka bahari mpaka Bombay kwenda kutia sauti katika santuri, naye ni mwanamke aliyezaliwa shamba katika ufukara na kuuza vyungu kabla ya kupata jina. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake, na kila kijana wa taarab angefaa kuyasoma. Safari ile ilikuwa ndefu kuliko njia ya Tanga, na mashaka yake hayana mfano. Lakini ilikuwa kazi yenye mwanzo na mwisho: mtu ajua anakwenda wapi, kufanya nini, na itakapokwisha atarejea kwake. Ugumu wa namna hiyo mwili huujiandalia. Usioandalika ni ugumu wa “mpaka watu watakapotosheka,” kwa kuwa watu hawatosheki, wala hawapaswi kutosheka, wamekuja arusini.

Jawabu langu, basi, nalitoa hadharani kwa idhini yake mwenyewe. Arusi ya Tanga aikubali, kwa masharti yaandikwe kabla ya arubuni kupokelewa, maana arubuni ikishaliwa ulimi huwa mzito. Muziki uanze saa nne, wageni watukufu wawepo au wasiwepo, na wimbo wa mwisho uwe saa nane na nusu. Pawe na mapumziko mawili ya nusu saa, na maji na chakula cha moto. Apatikane mpiga fidla wa pili wa kupokezana na wa kwanza. Na mwenye arusi amteue mama mmoja mwenye kauli katika ukoo, ambaye akisimama saa ya mwisho na kusema imetosha, hakuna mtunzaji atakayethubutu kuinuka tena. Akina mama wa namna hiyo Tanga hawakosekani. Dereva apewe chumba mbali na ukumbi, alale tangu isha, na gari lisitoke Tanga kabla ya saa nne ya asubuhi. Mwenye arusi akikataa kuitaja saa ya kumaliza, ujira wake uwe mara tatu au uwe mara kumi, amwombe radhi na amtakie arusi njema.

Ama hafla ya Dar es Salaam aikatae, tena aikatae kesho asubuhi, wala asingoje kuona kama mambo yatajipanga yenyewe. Asiseme atajitahidi. Awaambie wenye hafla kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo ana kazi mbali, awapelekee majina ya vikundi viwili anavyoviamini, na aliyepata kazi kwa mkono wake ataikumbuka hisani hiyo siku atakayokuwa na kazi ya ziada. Bado majuma matatu yamebaki, nao wana wasaa wa kutosha wa kutafuta wapigaji wengine.